Kushindana si kufua dafu

"Tuongeze ushindani bandarini." Kauli hii haikosi kusikika Mombasa, awe anayeisema ni waziri, meneja au mgeni wa redio, na kila ikisemwa watu wawili husikia mambo mawili. Mkubwa wa ofisi anakusudia meli ipakuliwe upesi na makaratasi yaende mbio, ili mteja wa Kampala asije akahamia Dar es Salaam. Mfanyakazi wa Kilindini, bandari yenyewe ya Mombasa, asikia kwamba kuna kampuni inaletwa kushindana na mwajiri wake, na kazi yake iko mashakani. Wote wawili Kiswahili wanakijua. Mjadala wa kukodisha sehemu za bandari kwa wawekezaji ulipopamba moto mwaka 2023, nusu ya makelele yalitokana na hofu ya haki kabisa, na nusu nyingine, kwa maoni yangu, ilitoka kwenye neno hili moja.

Tulitazame. Shinda ni kumpita mwenzio, na pia ni kukaa mchana kutwa, ndiyo maana jioni twaulizana "umeshindaje?" bila mtu kutoa kikombe. Ukitia -na mwishoni unapata kushindana, na hapo lazima wawe wawili: nami nataka kukushinda, nawe wanitaka hivyo hivyo. Ushindani ni hali ya hao wawili. Nyumbani neno hili halikuwa na heshima kubwa. Mtoto akiambiwa "usishindane na mamako" anakatazwa ubishi, hakuna anayemsifu kwa bidii.

Maana ya pili imekuja na magazeti na warsha. Siku hizi bidhaa "ina ushindani", timu "ina ushindani", hata kaunti. Si jambo la wawili tena, ni sifa ambayo mtu huwa nayo peke yake, kama nguvu au afya. Ndipo tukafika mahali pa ajabu: bandari ikikabiliwa na ushindani, ni taabu, bandari ikiwa na ushindani, ni sifa.

Wanaotetea hali hii wana hoja. Wanasema lugha haihitaji neno jipya kwa kila wazo, muktadha unatosha, na msomaji si mtoto. Wanaongeza jambo ambalo mimi pia nalipenda: ile -na inatukumbusha kwamba hakuna mwenye nguvu peke yake. Nguvu za Mombasa hupimwa kwa Dar es Salaam, na Dar hawakulala. Mwaka 2023 Tanzania ilitia saini na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, mkataba wa kuendesha sehemu ya bandari ile, na 2024 treni yao mpya ikaanza kwenda Dodoma. Ukijisifu ushindani huku humtaji mshindani, wajisifia kioo.

Tena pwani ina historia ya kushindana iliyotoa matunda. Malumbano ya washairi wa Mvita, yaani Mombasa, na wa Lamu yalinoa beti ambazo pengine zisingetungwa na mtu aliyestarehe. Mwanzoni mwa karne ya 20 ngoma za beni, zilizoiga bendi za kijeshi, zilikuwa na makundi ya Kingi na Scotchi, kila moja likitaka sare nzuri zaidi, muziki mkubwa zaidi, karamu iliyojaza watu zaidi. Baadaye wanawake wakawa na vyama vyao vya ngoma ya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, na mji ukagawanyika kwa ajili ya nguo na nyimbo za vijembe. Fedha ziliteketea. Lakini muulize bibi yeyote aliyesimuliwa mambo yale kama yalikuwa hasara tupu, utamwona anavyotabasamu kwanza.

Hata hivyo mfano unaonishawishi zaidi uko upande wa pili, nao ni wa reli. Treni ya SGR, reli mpya ya kisasa kutoka Mombasa, ilianza kupeleka abiria Nairobi 2017, na mizigo mwaka uliofuata. Tukaambiwa itaongeza ushindani wa bandari yetu, na hoja ilikuwa na uzito: barabara ya Nairobi ilikuwa imejaa malori, mzigo ulichelewa, na reli iliyojengwa kwa mkopo wa China isingeweza kusimama tupu. Kisha 2019 ikatoka amri kwamba makontena ya bara yapande treni na yakatolewe huko bara. Hapo treni haikushindana na lori. Lori liliambiwa likae kando. Wenye malori, wenye yadi za makontena, mawakala wa forodha, mafundi wa magurudumu, wauza chakula wa kando ya barabara kule Miritini na Mariakani, wote walikiona cha moto, na mji ukawa unaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Septemba 2022 Rais William Ruto, mara tu alipoapishwa, akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa.

Yaani kwa jina la kuongeza ushindani, ushindani ulifutwa. Kauli ile haikuwa uongo. Bandari ilitakiwa iwe na uwezo, na njia iliyochaguliwa ilikuwa kuwaondolea watu nafasi ya kugombea mzigo. Mambo mawili yenye jina moja, uwezo na mchuano, yaligongana, na aliyetetea la pili alionekana adui wa la kwanza. Sheria ya Ushindani ya Kenya, ya mwaka 2010, inalinda lile la pili, mchuano wenyewe. Sijaona sheria inayoweza kukupa lile la kwanza.

Mitaani watu walishazitenga maana hizi mbili zamani. Hakuna muuza samaki anayesema samaki wake ana ushindani. Atakwambia wa jirani "hafui dafu". Kufua ni kuvua kumbi, ganda la nje la nazi, kwa kifuo, kile kijiti chenye ncha kinachosimikwa chini, na kazi hiyo haina mpinzani: ni mikono yako na dafu lako. Huyo unayelinganishwa naye yupo, lakini anatazama tu. Msemo huu una kile ambacho ushindani wa warsha unakitafuta, uwezo usiohitaji ugomvi. (Najua, hautaingia kwenye ripoti ya Benki ya Dunia.)

Shangazi yangu anauza mahamri na mbaazi barazani kwake, Mji wa Kale. Nyumba ya tatu kuna mwenziwe anauza vitu hivyo hivyo. Ukimuuliza, anajibu, "Mimi sishindani na mtu, natafuta riziki yangu." Lakini huamka kabla ya adhana, hiliki haipunguzi hata bei ikipanda, na jirani alipoanza kutia tui zito, naye tui lake likawa zito wiki ile ile. Hashindani, lakini anafua dafu. Wako watakaosema anajidanganya, na kidogo ni kweli. Ila kukana kwake kuna kazi: jirani bado anaazima unga kwake, na mwaka jana shangazi alipougua, wateja wake walielekezwa nyumba ya tatu na yeye mwenyewe.

Nisimpambe mno. Adabu hii ina gharama yake, na mashahidi ni makanga wa stejini. Foleni ya matatu ni mkataba wa kutoshindana: anayefika kwanza hujaza kwanza. Wao hawapigani, na wewe abiria unakaa dakika arubaini ndani ya gari lenye viti vilivyochanika, kwa sababu lile zuri la nyuma zamu yake haijafika. Hapo mimi mwenyewe nautamani ushindani, wa kelele na wa kuvutana mikono.

Basi ningependa waandishi na wakubwa waandike "uwezo wa kushindana" wanapokusudia uwezo, hata kama ni maneno matatu, na "ushindani" wanapokusudia mchuano. Hasa bandarini. Nako kwenye matangazo ya kazi, wayaondoe yote mawili. Mpwa wangu alisoma mahali kwamba kuna nafasi yenye "mshahara wa ushindani". Akaniuliza, "Mjomba, ni shilingi ngapi hiyo?" Nikamwambia akaulize wenyewe. Alipouliza kwenye mahojiano, wakamuuliza yeye alikuwa anatarajia ngapi, akataja, wakasema kuna aliyetaja chini yake.