Kadi ya kliniki iingie kwenye mfumo, isitoke mkononi mwa mama

Mjamzito anayefika kliniki kwa mara ya kwanza Tanzania Bara hupewa kadi. Humo huandikwa uzito wake, shinikizo la damu, wingi wa damu na kundi lake, majibu ya kaswende na VVU, chanjo ya pepopunda, dozi za SP za kukinga malaria, na kama aliwahi kujifungua kwa upasuaji. Akijifungua, mtoto naye anapata yake: BCG ya kukinga kifua kikuu na matone ya polio, kisha chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua-rubela ya miezi 9 na ya miezi 18, pamoja na ule mchoro wa uzito wenye kijani, kijivu na nyekundu. Kadi zote mbili hukaa nyumbani, na mama ndiye mtunzaji wake.

Sasa kuna msukumo wa kuzihamishia taarifa hizi kwenye kompyuta na simu, na watu wa afya wamegawanyika. Wako wanaoona karatasi imepitwa na wakati. Wako pia ambao wakisikia habari ya mfumo mpya wanakumbuka vishikwambi vilivyofungiwa kabatini baada ya mradi kuisha. Pande zote mbili zina hoja nzito. Tofauti yao ni kwamba wa kwanza wanatazama zaidi mahitaji ya kituo na wa pili wanatazama zaidi mahitaji ya mama, na mara nyingi wanajibizana bila kugundua kwamba wanazungumzia mambo mawili.

Tuanze na karatasi, maana inadharauliwa haraka mno. Mchoro wa ukuaji wa mtoto unaokaa na mama ulienea duniani kutokana na kazi ya daktari Mwingereza David Morley huko Nigeria, miaka ya 1950 na 1960. Aliona kwamba mama anayeishika kadi mwenyewe huitunza vizuri kuliko masijala ya hospitali. Japani ilitangulia kwa njia yake: mwaka 1942 ilitoa kijitabu cha wajawazito, na 1948 ikaunganisha mama na mtoto katika kijitabu kimoja. Nchi hiyo, pamoja na teknolojia yake yote, bado inagawa kijitabu cha karatasi hadi leo. Kenya nayo ina kijitabu kimoja cha mama na mtoto, si kadi mbili zinazoweza kutengana njiani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, lilipendekeza kumbukumbu zinazotunzwa nyumbani, huku likikiri kwamba ushahidi uliopo una uhakika mdogo na hautoshi kusema ni aina ipi iliyo bora kuliko nyingine. Kwa hiyo anayedai kwamba sayansi imekwisha kuamua kati ya karatasi na simu anaisemea sayansi jambo ambalo haijalisema.

Ubora wa karatasi unaonekana hasa usiku wa rufaa. Mama anatolewa zahanati akiwa na maumivu ya kichwa na miguu imevimba, anafikishwa hospitali ya wilaya, na anayempokea hajawahi kumwona. Akifungua kadi anaona shinikizo la damu la kila hudhurio limepangwa kwa safu: lilikuwa 110/70, likawa 120/80, sasa 150/100. Kwa mtu anayekihofia kifafa cha mimba, safu hiyo ni habari kamili, na haihitaji umeme wala nywila. Pia wanawake wengi kwetu hurudi kwa mama zao kujifungua, hasa uzazi wa kwanza. Anayeanza kliniki Temeke anaweza kujifungulia Korogwe, na kadi husafiri naye kwenye begi.

Hata hivyo karatasi yetu si nzuri kama inavyopaswa kuwa. Kadi zinaisha vituoni, na mama anaambiwa aje na daftari la shule ambalo nesi atalichora mistari kwa rula. Daftari hilo halina vidokezo vya hatari vilivyochapwa wala mchoro wa rangi. Hata kadi halisi ikiwepo, mengi yanayoandikwa humo ni vifupisho ambavyo mtaalamu anamwandikia mtaalamu mwenzake. Mtoto anapimwa, nukta inawekwa, kadi inarudishwa, mama anaondoka bila kuambiwa kwamba mstari wa mwanawe umelala kwa miezi mitatu. Kwangu hili ndilo pengo kubwa kuliko yote, na kompyuta peke yake haiwezi kuliziba. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto ulionyesha kwamba uzazi unaofanyika kwenye vituo vya afya ulipanda kutoka asilimia 63 mwaka 2015/16 hadi 81 mwaka 2022. Akina mama wameitikia wito wa kuja. Wanastahili kuondoka wakiwa wanajua kilichoandikwa juu yao.

Upande wa pili una nguvu pale karatasi inaposhindwa kabisa. Kadi huloa, huungua, huliwa na mchwa. Nyumba zilizofunikwa na maji Rufiji na Kibiti Aprili 2024 zilikuwa na kadi ndani yake. Mtoto asiye na kadi huulizwa maswali ambayo mama hawezi kuyajibu kwa uhakika, na mwishowe anachomwa tena au anarukwa. Zaidi ya hapo, kadi iliyoko nyumbani haiwezi kumwambia nesi kwamba mtoto fulani wa kitongoji cha mbali amekosa chanjo ya wiki ya 14. Daftari la kituo linaweza kumwambia, lakini kwa kupekua ukurasa baada ya ukurasa. Mfumo wa kompyuta hutoa orodha ya majina kwa dakika moja, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii akaondoka nayo kwenda kuwatafuta. Hilo ni jambo la kuokoa maisha, na wapenzi wa karatasi hawalipi uzito unaostahili.

Tanzania imeshaonja njia hiyo. Mfumo wa kielektroniki wa kuandikisha chanjo, TImR, ulianzia mkoani Arusha muongo uliopita kabla ya kwenda Tanga, Kilimanjaro na mikoa mingine. Wazo lilikuwa zuri: mtoto aandikwe mara moja, kituo chochote kimwone, na hesabu za mwisho wa mwezi zijitokeze zenyewe. Tatizo lililojitokeza ni kwamba vituo vingi viliendelea kujaza daftari za MTUHA, yaani za mfumo wa serikali wa takwimu za afya, sambamba na kishikwambi. Nesi mmoja mwenye foleni ya akina mama sitini anaandika kwenye kadi, anaandika kwenye daftari, kisha anaingiza kwenye mfumo, pengine jioni, kwa kumbukumbu ya kichwa, mtandao ukirudi. Mfumo uliokusudiwa kumpunguzia kazi ukamwongezea. Watu wanaposema manesi wanapinga teknolojia nasikitika sana, kwa sababu ninachokiona ni mtumishi aliyebebeshwa kazi ileile mara tatu kwa mshahara uleule.

Daftari za MTUHA hazifutwi kwa sababu wakubwa hawauamini mfumo, na mfumo haujazwi vizuri kwa sababu daftari bado zipo. Ni lazima mtu mwenye mamlaka akate shauri, atoe tarehe ya kuziondoa katika vituo vyenye umeme wa uhakika, na akubali lawama pale hitilafu zitakapotokea. Bila hivyo, kila fedha inayowekwa kwenye programu mpya inazidisha tu mzigo wa mezani kwa nesi.

Kuna wanaopendekeza kuruka kituo na kuweka kumbukumbu kwenye simu ya mama mwenyewe. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, UNRWA, lilifanya hivyo kuanzia 2017 Jordan, na mantiki yake inaeleweka: watu wanaohamishwa na vita hupoteza karatasi zote. Kwetu hali ni tofauti. Akina mama wengi vijijini wana kitochi, si simujanja. Wengine hutumia laini ya mume au ya dada, na namba iliyoandikwa kliniki mwaka huu mwakani iko kwa mtu mwingine. Ujumbe mfupi wa kukumbusha hudhurio unafaa, na kampeni ya Wazazi Nipendeni iliyoanza 2012 ilionyesha kwamba simu yoyote inaweza kuupokea. Lakini ujumbe si kumbukumbu ya afya.

Suala la siri lina pande mbili pia. Kadi ya karatasi inaweza kusomwa na mume, wifi au mama mkwe, na ndiyo sababu majibu ya VVU huandikwa kwa alama, ingawa alama hizo zimeshajulikana na wengi mtaani. Kompyuta inaweza kuficha zaidi. Inaweza pia kufichua zaidi, kwa sababu anayevujisha kadi huvujisha moja, na anayevujisha mfumo huvujisha wilaya nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Bado sijaona mama anaelezwa kliniki nani ataziona taarifa zake zikishaingizwa.

Na ziko wapi kompyuta zinazozihifadhi, na nani anazilipia? Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwanzoni mwa 2025, miradi mingi ya afya Afrika Mashariki ilisimama ghafla. Kadi iliyoko Ngara haikuathirika. Mfumo unaotegemea mfadhili mmoja ungeathirika, na pamoja nao historia ya uzazi ya watu.

Mimi ningependa tuanzie Zanzibar. Kule mpango wa Jamii ni Afya umewapa wahudumu wa kujitolea simu zenye programu wanazotumia kuwatembelea wajawazito na watoto nyumbani, shehia kwa shehia. Simu inamshika mkono mhudumu, inamkumbusha la kuuliza na kumweleza mama hatari ipi inahitaji kukimbizwa kituoni. Mama hadaiwi kuwa na chochote. Teknolojia imewekwa mkononi mwa aliyefunzwa kuitumia, na mazungumzo yanabaki uso kwa uso.

Bara tungeweza kufuata mwelekeo huo: mtoto aandikwe mara moja mezani kwa nesi, daftari lifutwe, na kadi ibaki, tena iwe nzuri zaidi, ichapwe ya kutosha kwa fedha za ndani, iwe na namba inayoiunganisha na mfumo. Ikipotea, kituo chochote kichape nyingine. Hilo la mwisho si dogo. Kadi ya kliniki ni miongoni mwa vielelezo ambavyo RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, huvikubali mzazi anapochelewa kuomba cheti cha kuzaliwa, na mtu mzima aliyezaliwa kijijini miaka ya nyuma anaweza kuwa hana karatasi nyingine inayotaja siku yake ya kuzaliwa. Nakala itakayotoka kwenye mfumo iwe na muhuri, itambulike RITA na shuleni, na mama asitozwe hata shilingi kuipata.