Kinda Hahitaji Alizeti Yako

Kila miti inapoanza kutoa majani mapya na ndege kuimba tangu alfajiri, wenye bustani huulizana mambo yale yale. Ninunue mbegu gani? Nitundike chombo cha kulishia ndege wapi? Niongeze vyombo vingapi ili waje wengi? Jibu langu huwa haliwafurahishi. Katika majira ya kuchipua, kwa ndege aliye na makinda, mfuko wa mbegu ni nyongeza tu. Anachotafuta tangu jua lichomoze hadi lizame ni kiwavi, na viwavi hukaa kwenye majani ambayo mwenye bustani ameamua kuyaacha bila kuyapulizia dawa.

Mwangalie shomoro. Mwaka mzima tunamjua kwa kudonoa nafaka na makombo, lakini akishaangua, makinda wake anawabebea hasa wadudu. Ndege wengi wadogo wako hivyo. Kinda huanguliwa akiwa uchi, macho yamefumba, uzito wake gramu moja au mbili, na baada ya wiki mbili au tatu anatakiwa awe na manyoya ya kumwezesha kuruka. Mbegu kavu haiwezi kazi hiyo. Kiwavi ni laini, amejaa protini na maji, na mzazi anaweza kumsukuma kooni mwa kinda bila kumkaba. Maji hayo ni muhimu, kwa sababu kinda aliye kiotoni hana pa kunywa.

Doug Tallamy, mtaalamu wa wadudu wa Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani, ameeleza kwamba jozi moja ya ndege aitwaye Carolina chickadee, mwenye uzito wa gramu 10 hivi, huhitaji viwavi 6,000 hadi 9,000 kulea uzao mmoja mpaka utoke kiotoni. Uzao mmoja tu! Na hata baada ya hapo wazazi huendelea kuwalisha watoto wao siku kadhaa zaidi. Mwaka 2018 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu ndege hao hao katika nyua za watu. Waligundua kwamba pale ambapo mimea ya asili ilikuwa chini ya asilimia 70, ndege hawakuweza kuzaa vya kutosha kufidia wale wanaokufa. Sababu ni kwamba viwavi wengi huchagua sana chakula. Mwaloni wa huko hulisha mamia ya aina za viwavi, ilhali mti wa ginkgo ulioletwa kutoka Asia karibu hakuna kinachoutafuna. Kwa macho yetu yote ni miti ya kijani, lakini kwa mzazi mwenye midomo mitano ya kulisha, mmoja ni ghala lililojaa na mwingine ni ghala tupu.

Ndiyo maana nashindwa kumwelewa mtu anayenunua mbegu za bei ghali, kisha mwishoni mwa juma anapulizia dawa waridi zake kwa sababu kaona vidukari. Anawakaribisha wageni huku akimwaga chakula chao. Jani lenye matundu ni dalili njema. Majani makavu yaliyorundikana chini ya vichaka nayo yaacheni, yamejaa buibui, na makinda wa siku za mwanzo hulishwa buibui kwa wingi. Ukitaka kutumia fedha kwa ajili ya ndege, nunua mche wa mti wa asili ya eneo lako, uupande, na uuache uliwe.

Wapo wanaolea kwa njia nyingine, nisije nikasahihishwa. Njiwa huwapa makinda wao majimaji mazito yanayotengenezwa kooni mwa mzazi, na jamii kadhaa za chiriku hulisha mbegu walizokwisha kuzilainisha. Hao ni wachache.

Sisemi vyombo vitupwe. Wiki za mwanzo wa msimu ni ngumu: mbegu za mwaka uliopita zimekwisha, mpya hazijakomaa, wadudu bado wachache, na ndege wanajiandaa kutaga. Wakati huo chakula chako kinasaidia ndege wazima. Weka mbegu za alizeti zilizomenywa, na karanga zisizo na chumvi, zilizovunjwavunjwa au zilizo ndani ya wavu wa chuma ili ndege wadonoe vipande vidogo. Karanga nzima inaweza kumkaba kinda ikiwa mzazi ataibeba hivyo hivyo, na karanga yenye ukungu ina sumu. Mkate hujaza tumbo bila kujenga mwili. Maziwa hawawezi kuyameng'enya. Wanaoishi na ndege wavumaji, wale wadogo wa Amerika wanaokunywa maji matamu ya maua, wachanganye sehemu moja ya sukari nyeupe na sehemu nne za maji, basi. Rangi nyekundu haina kazi yoyote na asali huchacha haraka. Hata hapo usidhani kwamba chakula zaidi ni watoto zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 nchini Uingereza ulionyesha kwamba ndege waliopewa chakula cha ziada katika msitu mmoja walitaga mapema kuliko wenzao, lakini mayai na makinda yao yakawa pungufu.

Jambo linalonitia hofu zaidi, na ambalo wauzaji wa vyombo hawalipigii kelele, ni maradhi. Chombo cha kulishia hukutanisha ndege ambao porini wasingegusana: njiwa, shomoro na chiriku wakidonoa sehemu moja, mate na kinyesi vikichanganyika na chakula. Trichomonas gallinae ni kimelea kilichojulikana kwa muda mrefu kuwa cha njiwa. Mwaka 2005 kilionekana Uingereza kikiwaua chiriku wa kijani, na wimbi kubwa likafuata mwaka 2006. Ndege anayeugua huvimba koo, hashindwi kudonoa lakini hushindwa kumeza, hivyo hutema punje ambayo mwenzake ataiokota. Kufikia mwaka 2021 chiriku huyo, aliyekuwa wa kawaida kabisa bustanini, aliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Mapema mwaka huo huo huko Marekani watu waliombwa kushusha vyombo vyao kwa sababu ya bakteria aina ya salmonela iliyokuwa ikiwaua ndege wadogo wa jamii hiyo hiyo. Waliotundika vyombo hivyo waliwapenda ndege, na hapo ndipo penye uchungu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: asiye na muda wa kuosha asilishe. Angalau mara moja kwa wiki mwaga mabaki, osha kwa maji ya moto na sabuni, loweka katika mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia na tisa za maji, suuza vizuri na uache kikauke kabisa kabla ya kukijaza tena. Fagia na chini. Meza bapa ni mbaya kuliko chombo cha kuning'inia kwa sababu ndege hukanyaga na kuchafua chakula chao wenyewe. Ukimwona ndege aliyetutumua manyoya, amezubaa, hakimbii hata ukimkaribia, shusha vyombo vyote kwa wiki mbili au zaidi. Hawatakufa njaa, msimu huu una chakula. Maji mtu asiyaache kamwe. Beseni pana lenye kina cha sentimeta 2 hadi 5 na jiwe la kusimamia linatosha, ilimradi maji yabadilishwe kila siku, jambo ambalo pia linawanyima mbu pa kuzaliana.

Kuhusu viota, sanduku zuri la ndege kutagia halina kijiti mbele ya mlango. Kijiti humsaidia mwizi kuliko mwenye nyumba. Tundu la milimita 32 huwatosha shomoro na wenye umbo kama lao, na hapo ndege wakubwa hawapiti. Udongo wenye unyevu ulioachwa wazi huwafaa mbayuwayu wanaojenga kwa matope. Ila tabia ya kutundika manyoya ya mbwa au paka ili ndege wapambe viota vyao, tafadhali iishe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex uliotangazwa mwanzoni mwa 2025 ulichunguza viota 103 na vyote vilikutwa na fipronil, kemikali inayotumika kuua viroboto wa mifugo ya nyumbani, na palipokuwa na sumu nyingi zaidi ndipo palipokutwa mayai yasiyoanguliwa na makinda waliokufa wengi zaidi. Nyuzi ndefu na nywele za binadamu nazo hunasa miguu ya makinda.

Paka najua wana mawakili wengi, na mimi mwenyewe nawapenda. Hata hivyo hesabu iliyochapishwa mwaka 2013 ilikadiria kwamba nchini Marekani peke yake paka wanaotembea nje huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka. Kengele shingoni si ulinzi kwa kinda asiyejua kuruka. Mwenye paka amfungie ndani katika wiki ambazo makinda wanatoka viotoni, hasa alfajiri na jioni. Asipoweza, basi asiwavute ndege uani kwake. Vioo ni adui mwingine: makadirio ya mwaka 2014 yalitaja ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 wanaokufa kila mwaka kwa kugonga majengo huko huko Marekani. Bandika alama upande wa nje wa kioo, zikiachana sentimeta 5 hivi. Kibandiko kimoja cha umbo la kipanga hakimtishi ndege yeyote. Dume anayepigana na kioo asubuhi nzima, yeye hajachanganyikiwa. Ameona mpinzani ndani ya mpaka wake, na ukifunika kioo kwa nje atatulia.

Halafu kuna simu za kila mwaka: nimeokota kinda chini ya mti, nifanye nini? Ikiwa ana manyoya na anarukaruka, mrudishe alipokuwa. Yuko shuleni, na wazazi wake wako karibu wakisubiri uondoke. Ikiwa bado yuko uchi, mrudishe kiotoni kama unakiona na unakifikia. Hadithi kwamba mama humkataa mtoto aliyeguswa na mtu si ya kweli. Usimpe maji kwa kumtilia mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Aliyejeruhiwa, au aliyekwisha kuingia mdomoni mwa paka hata kama huoni jeraha, huyo apelekwe kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo.