Koma Tu Hiyo

Jumanne jioni, umeme umesharudi na foleni ya fotokopi imepungua, akaingia mama mmoja steshenari kwangu hapa Chikongola, Mtwara. Mbanguaji wa korosho. Unawajua kwa mikono: ncha za vidole zimebabuka na kuwa nyeusi kwa mafuta ya ganda, ngozi inatoka kama karatasi iliyoloa. Nikamwamkia, akaitikia, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka.

"Mwanangu, hebu nisomee hili tangazo. Wametubandikia mlangoni, kila mtu anasema lake."

Picha ilikuwa imepigwa kwa haraka, kidole kimeingia pembeni, lakini maandishi yanasomeka. Sentensi moja ya Kiingereza, na mhuri chini yake. Nainakili kama ilivyokuwa:

"The workers, who were absent on Saturday, will not receive the transport allowance."

Nikamwambia, mama, hapa wanasema hampati nauli.

"Nani hapati?"

Ninyi nyote. Kwa sababu nyote hamkuja Jumamosi.

Akaniangalia kama mimi ndiye niliyebandika. "Jumamosi nimebangua mpaka saa kumi jioni! Jina langu limo kwenye daftari. Waliokosa ni watatu tu, walikwenda msibani Nanyamba."

Basi mwandishi alitaka kuwanyima nauli watu watatu, koma zake mbili zikawanyima kiwanda kizima. Nikachukua kikaratasi, nikaandika sentensi ileile bila koma, nikamwambia ampelekee karani. Kesho yake akapita na majibu, anacheka kwa uchungu: "Kasema nikwambie wewe mtu wa kompyuta, hiyo ni koma tu."

Koma tu.

Siku tatu sasa neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa changu. Mtoto wa hapa akiambiwa "Koma!" anaacha alichoshika na kutazama mlango uko wapi. Mtu mzima, mwenye mhuri na kiti cha kuzunguka, anaambiwa koma na haoni kitu.

Ngoja niseme ninachokijua, mimi mtu wa kompyuta. Ukiandika "the workers who were absent", yale maneno ya mbele yanachagua. Yanaingia ndani ya kundi, yanawatoa wale wasiokuja, yanawaacha wengine wakibangua. Ukiyazungushia koma, "the workers, who were absent," hayachagui tena mtu. Umeshawataja wafanyakazi, wote, kisha unaongezea habari yao kidogo kando: na hao, kwa taarifa yako, hawakuja. Habari ya kando unaweza kuitoa na sentensi ikabaki na kauli yake. Ndiyo maana kipimo chake ni chepesi hata kwa mtu aliyeishia kidato cha pili: funika kwa kidole maneno yaliyo kati ya koma, soma kilichobaki. "The workers will not receive the transport allowance." Ndicho ulichotaka kusema? Kama sicho, toa koma zako, ubaki na heshima.

Kidole kimoja tu. Hakihitaji digrii wala semina ya siku mbili yenye chai na maandazi.

Najua ugonjwa ulikoanzia. Sote tulifundishwa kwamba koma ni mahali pa kupumua. Mwalimu wetu alitusimamisha tusome kwa sauti, ukifika kwenye mkato unavuta pumzi, ukifika kwenye nukta unavuta mbili. Kwa kusoma ilitusaidia, sikatai. Kwa kuandika ni balaa, kwa sababu kila mtu ana mapafu yake. Mwenye pumu ataandika koma kila baada ya neno la pili, na mpiga mbizi wa Msimbati atamaliza ukurasa mzima bila hata moja. Huyu karani, naapa, alipumua tu baada ya "workers". Akapumua tena baada ya "Saturday". Pumzi mbili, na akina mama wanatembea kwa miguu kurudi nyumbani.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, ila hilo hunichekesha zaidi kuliko kuniudhi. Kijana aliniletea barua ya kuomba ruhusa kazini: "My mother who lives in Mikindani is sick." Nikataka kumwekea koma, maana kwa Mwingereza sentensi hiyo bila koma inauliza, kwani una mama wangapi mpaka umtaje kwa anapokaa? Mama ni mmoja, weka koma: "My mother, who lives in Mikindani, is sick." Kijana akakataa. Mama aliyemzaa yuko Newala, mzima wa afya. Anayeumwa ni mama mdogo wa Mikindani, na yupo mwingine mama mkubwa Ndanda. Wote mama zake. Nikakaa kimya kidogo. Kwa ukoo wake, barua haikuhitaji koma hata moja! Nikampigia kama alivyoandika, ingawa najua bosi wake atakapoisoma atadhani mtoto kapita shule vibaya. Hapo nakubali, kwa shingo upande, kwamba sheria ya koma haijui chochote kuhusu nyumba zetu. Inajua tu kuuliza: yupi?

Na swali hilo Kiswahili hulijibu bila kuhangaika. Tunasema "wale ambao hawakuja Jumamosi" na mambo yamekwisha. "Wale" ni kidole, kinawaonyesha na kuwatenga. Kwa mdomo hata sauti inatosha. Kiingereza cha kwenye karatasi hakina kidole, kina koma. Ukiichukulia kama pambo, umemkata mtu kidole na hujui wa nani.

Wako pia wanaofungua kwa koma na wasifunge: "The driver, who came from Masasi was late." Huko ni kushona nusu ya mdomo wa gunia na kulipandisha kwenye lori. Habari ya "that" na "which" siigusi leo, nimechoka.

Wanaosema hakuna koma iliyowahi kumtia mtu hasara wawaulize Wakanada. Kampuni mbili, Rogers na Aliant, ziligombana juu ya mkataba wa nguzo za kupitishia nyaya. Mkataba wa miaka 5, unaoendelea kwa miaka 5 mingine, kisha koma, kisha maneno ya kwamba unaweza kuvunjwa kwa notisi ya mwaka mmoja. Rogers walijua wamelala salama kwa miaka 5 ya mwanzo. Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano ya huko ikasema hapana, kwa koma ile ya pili, notisi inagusa hata miaka hiyo ya mwanzo. Ile haikuwa koma ya "who", nakiri kabla hamjanirukia, lakini ni ukoo uleule: imeamua maneno yanamshika nani. Na walijinasua vipi? Mwaka 2007 uamuzi uligeuzwa, kwa sababu mkataba ulikuwa na toleo la Kifaransa, na Kifaransa hakikuwa na utata ule.

Toleo la lugha ya pili! Sasa mniambie tangazo la wabanguaji wa Mtwara, wengi wao wanaota ndoto zao kwa Kimakonde, Kimakua na Kiyao na kugombana kwa Kiswahili, linakosaje hata mstari mmoja wa Kiswahili chini yake. Tangu 2021 lugha ya sheria za nchi hii ni Kiswahili. Sheria za nchi zinaweza, nauli ya kwenda kubangua korosho haiwezi.

Waingereza walikuja kulima karanga Nachingwea, zikawashinda. Bandari yetu ikajengwa kwa ajili ya karanga hizo, na reli ikatandikwa kutoka huku hadi kule. Reli ikafungwa 1962, ikang'olewa. Kiingereza tu ndicho hakuna aliyekuja kukifungua misumari, na sasa kimetuangukia mikononi mwa karani anayepumua ovyo.

Kuna mtu ataandika hapa chini kwamba Kiingereza si lugha yetu, tusilaumiane. Sawa kabisa. Basi usikitumie kumnyima mtu nauli.

Jana mchana karani mwenyewe alikuja. Hakuamkia. Akaweka flashi mezani, akasema nimfungulie lile faili na nimpigie upya, "toa hivyo vikoma." Nikatoa. Nikamwomba niongeze mstari wa Kiswahili chini, akatazama saa, akasema fanya haraka. Nikaandika: Wale ambao hawakuja Jumamosi hawatapata nauli. Karatasi moja shilingi mia tano.

Akauliza kama kutoa koma nako kunalipiwa.