Msitulilie, Tuacheni Tulie Wenyewe

Filamu zetu za Bongo zina tukio moja ambalo hata ukiingia sebuleni katikati utalitambua. Simu inaita. Mama anapokea, anasikiliza, simu inamponyoka mkononi. Kinanda kinapigwa, tena kilianza kabla simu haijaita, kwa hiyo habari tulishaijua. Mama anaketi sakafuni, anajipiga mapajani, anaita jina la marehemu, na kamera inamsogelea usoni na kung'ang'ania pale dakika mbili, tatu, nne. Anaingia jirani, naye analia. Anaingia mdogo wa marehemu, naye analia. Sisi tuliokaa kwenye kochi hatuhisi kitu.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nazipenda filamu hizi na nimezitetea mbele ya watu wengi wanaozidharau. Waigizaji wetu wanajua kulia. Wengine wanalia machozi ya kweli, bila dawa ya macho wala kitunguu. Shida ni kwamba wanalia mpaka wanamaliza, na mtazamaji haachiwi kazi yoyote. Kwa maoni yangu, mtu wa kwenye skrini au kwenye spika anayetufanya tulie ni yule anayejikaza, au yule ambaye bado hajajua, au yule ambaye ana jambo la kufanya na machozi hayana nafasi. Pale anapoachia yeye, sisi tunakauka.

Nenda kwenye msiba wowote uangalie watu wanavunjika wakati gani. Vilio vya kwanza, vile vya mlangoni, vina watu wa kuvipokea. Wanawake wanamshika anayelia, wanamkalisha mkekani, wanamfunga kanga kiunoni, wanamwambia jikaze. Tunajua la kufanya. Shangazi yangu alipofiwa na mumewe hakulia hivyo. Alisimamia masufuria, aliuliza wageni waliotoka mbali wamelala wapi, alitafuta sahani zilizoazimwa kwa jirani. Mazishi yakapita. Kesho yake kijana aliyetumwa sukari dukani akarudi na chenji, akauliza ampe nani. Shangazi alikuwa anapeta mchele. Bila kuinua uso akamjibu, "Mpelekee baba yenu chumbani." Wote tuliokuwa uani tulisikia. Yeye mwenyewe hakujisikia, akaendelea kupeta. Baba mdogo, aliyekuwa amekuja kuchukua maji ya kunawa, aliweka birika chini akageukia ukutani. Ndipo nyumba nzima ilipolia, na shangazi akawa anatuuliza kuna nini tena.

Mwandishi wa filamu anayetaka kuliza watu anatakiwa awinde vitu vya namna hiyo. Simu inayomponyoka mtu mkononi tumeshaiona.

Najua nitaulizwa kuhusu The Champ. Filamu hiyo ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Franco Zeffirelli, ina mtoto anayelia kweli kweli, na ndiyo inayosifika kuliko nyingi kwa kuliza watu. Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Gross na Robert Levenson, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa miaka kadhaa. Walipitia filamu zaidi ya 250, wakachagua vipande 78, wakawaonyesha watu 494 ili kujua kipande gani kinaamsha hisia gani. Kwa huzuni, kipande cha The Champ kiliongoza. Hakifiki hata dakika tatu. Tangu hapo watafiti wengi wanaotaka kumhuzunisha mtu maabara wamekuwa wakikitumia hichohicho.

Sasa kitazame vizuri. Bondia, anayeigizwa na Jon Voight, ameshinda pambano na amekata roho kwenye meza ya chumba cha kubadilishia nguo. Mtoto wake, Ricky Schroder, analia, ndiyo, lakini anachofanya ni kumwamsha. Anamwambia aamke, anamsihi aamke. Watu wazima waliomo mle wote wanajua; yeye anakataa kujua. Hana habari na sisi. Ana kazi anayoihangaikia na haiwezekani, na sisi ndio tunaolijua hilo badala yake. Ukimtoa mtoto kwenye kazi hiyo ukamweka pembeni alie tu, kwa machozi yaleyale, kipande kizima kinakufa.

Wahindi nao watu huwataja, kwamba mbona filamu zao zimejaa machozi na bibi zetu walitoka Majestic ya Unguja na Empire ya Dar es Salaam leso zimelowa. Kweli kabisa. Lakini waulize waliozitazama wanakumbuka nini. Kwenye Mother India ya 1957 wanakumbuka mama mwenye bunduki, Nargis, akimfyatulia risasi mwanawe mwenyewe kwa sababu ameteka binti wa watu. Kabla ya risasi halii. Ameshaamua. Machozi ya baadaye, mtoto akiwa mikononi mwake, tunayapokea kwa sababu tulimwona akiyazuia.

Mimi hata hivyo filamu ya Kihindi inayonimaliza haina bunduki. Ni Baghban, ya mwaka 2003. Amitabh Bachchan ni mzee aliyestaafu benki, ana mke na watoto wanne wa kiume aliowasomesha, na hakuna hata mmoja aliye tayari kuwachukua wazazi wote wawili. Wanagawanywa, baba kwa huyu, mama kwa yule. Usiku mzee hapati usingizi, anakaa na taipureta anaandika. Na anaambiwa kelele za taipureta zinasumbua watu waliolala. Basi. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyepigwa. Mtu aliyejenga nyumba anaambiwa anapiga kelele ndani ya nyumba ya mwanawe, na usiku ule anaacha kuandika.

Nimeiona mara nyingi nikiwa na watu wa rika mbalimbali, na hapo ndipo sebule inaponyamaza. Kila mtu anamjua mzee wake. Kuna mzee aliyetolewa Rombo au Masasi, shamba likaachwa kwa majirani, akaletwa mjini "apumzike", akapewa chumba cha watoto, na jioni anaombwa apunguze sauti ya redio kwa sababu kuna watu wanaangalia tamthilia. Anapunguza. Baada ya wiki hasikilizi tena redio. Hakuna mwongozaji anayeweza kutuonyesha hilo kwa kumlaza mzee sakafuni akilia kwa kwikwi. Akimwonyesha anazungusha kile kitufe mpaka mwisho, inatosha, na ninaomba mmoja wa waongozaji wetu aifanye hiyo, bila kinanda.

Nyimbo zina faida moja ambayo filamu hazina, kwamba zinaweza kubeba maneno mazito juu ya mdundo mwepesi na sikio lisione ajabu. Malaika, ambao Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambao utunzi wake umegombewa kwa muda mrefu, unapigwa harusini kama wimbo wa mapenzi. Lakini ni wimbo wa kijana asiye na mali ya kuolea. Anampenda msichana, msichana hana tatizo, tatizo ni mahari. Ameshindwa, na anaimba polepole, bila kumlaumu mtu. Ninawajua wanaume ambao wakisikia wimbo huo wanatoka ukumbini, na nadhani hawahitaji kuulizwa sababu.

Remmy Ongala alikwenda mbali zaidi. Huyu ni yule Mkongo aliyehamia kwetu, ambaye kituo cha daladala pale Sinza kinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Aliimba habari za kifo huku magitaa ya bendi yake, Super Matimila, yakiita watu wainuke wacheze. Na watu waliinuka. Unamwona mtu amefumba macho, mabega yanakwenda na mdundo, midomo inafuatisha maneno ya kufiwa, na mashavu yamelowa. Anayedhani wimbo wa huzuni lazima upigwe taratibu hajawahi kusimama kwenye ukumbi wa dansi saa saba usiku.

Kisha kuna Starehe, wa Ferooz akishirikiana na Professor Jay. Kwa kizazi changu sijui wimbo mwingine uliofanya kazi kubwa kama huo. Ulivuma mwaka 2004, mwaka ambao dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ndiyo kwanza zinaanza kutolewa bure na serikali. Kabla ya hapo, mtaani kwetu kila baada ya nyumba chache palikuwa na mgonjwa wa chumbani. Jina la ugonjwa halikutajwa. Ilisemwa ana TB, au amerogwa kazini, au ni malaria sugu. Sisi watoto tuliambiwa tusiingie chumba kile, na tuliona tu beseni likitoka na uji ukiingia. Halafu turubai likafungwa, na maneno ya "kuugua kwa muda mrefu" yakasomwa makaburini, kila mtu akakubali.

Ndipo ikaja sauti ya kijana redioni, akiwa kitandani, akisimulia mwenyewe. Alikuwa anakula maisha, sasa anakufa, na anasema amefikaje pale. Anaeleza kwa mpangilio kama mtu anayetoa taarifa ya safari. Nilikuwa saluni ya kunyoa wimbo ule ulipopigwa, mashine ikiwa kichwani mwa kaka mmoja aliyezika ndugu yake miezi michache nyuma. Kinyozi alizima mashine. Hakuna aliyesema kitu mpaka wimbo ukaisha, kaka yule machozi yakimtiririka na kuchanganyika na nywele kwenye shuka aliyofungwa shingoni, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa ndani ya shuka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tulimlilia ndugu yake kwa sababu iliyomuua kweli.

Ferooz angeimba wimbo ule kwa kulia, na siku hizi studio zetu zimejaa waimbaji wanaovuta makamasi kwenye maikrofoni, tungemwonea huruma yeye. Alivyosimulia kwa utulivu, alituachia nafasi ya kuwaweka watu wetu.

Kwaya nazo zinanipa ushahidi, ingawa hapa machozi yanatoka njia nyingine. Kwetu Pazuri, wa Ambassadors of Christ wa Kigali, ni wimbo wa matumaini kabisa, sauti zimepangwa vizuri, hakuna anayehangaika. Mwaka 2011 kwaya ile ilipata ajali ya barabarani na wanakwaya watatu wakafariki. Anayejua habari hiyo anausikia wimbo kwa sikio lingine, maana walioimba habari za nyumbani kwao mbinguni wengine wameshakwenda.

Watu huniuliza kwa nini nijitafutie huzuni, kana kwamba maisha hayatoi ya kutosha. Watafiti Asmir Gračanin na Ad Vingerhoets, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti mwaka 2015 kuhusu jambo hili. Waliwaonyesha watu 60 filamu mbili, La vita è bella ya Kiitalia na ile ya mbwa Hachi. Waliolia walitoka wakiwa na hali mbaya kuliko wasiolia. Baada ya kama dakika 20 walirudi walivyokuwa. Baada ya dakika 90 walijisikia vizuri kuliko kabla ya kuanza kutazama. Watu 60 ni wachache, lakini kila aliyewahi kulia sinema ikaisha, akanawa uso, akala ugali wake akalala fofofo, anaijua saa na nusu hiyo.

Sipendi hata hivyo machozi yaonekane kama dawa ya usingizi tu. Nyimbo nyingine hazikutungwa zitutulize. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba wimbo unaoitwa Kijiti. Ni kisa cha kweli kilichotokea Unguja. Mwanamke mgeni, aliyetoka Dar es Salaam, alichukuliwa matembezi na mwanamume aitwaye Kijiti, akabakwa, akauawa. Kijiti akakimbilia bara. Waliojitokeza kutoa ushahidi, wanawake wenzake marehemu, ndio waliofungwa na mahakama ya wakoloni.

Wimbo unaanza kwa kuwaambia watu watazame alichofanya Kijiti, kisha unakwenda hatua kwa hatua, nani alimchukua nani, wakaenda wapi, akarudi vipi. Hausemi lieni. Haumwiti hakimu mbaya. Nimewaona wanawake watu wazima wakiusikiliza, mikono imekunjwa, machozi yanatoka na nyuso zimekaza kwa hasira. Wasikilizaji wa kwanza wa Siti kule Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, wengi wao maskini kama yeye, waliielewa hukumu ile bila kufafanuliwa. Wanawake wanauawa hata sasa, na majina yao tunayasoma kwenye taarifa ya habari kila mwezi, na nikifungua redio nasubiri mwimbaji mmoja atakayetusimulia mmoja wao hivyo, kwa sauti kavu, kuanzia alipotoka nyumbani.