Kabati Lililonyesha Mvua

Mwezi wa Machi, kabla masika hayajaanza, Mombasa haimhurumii mtu yeyote, sembuse mimi niliyekuwa nimewekwa katika chumba kisicho na dirisha kwenye ghala moja la Shimanzi. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kabati la chuma lenye bodi za umeme za kuendesha lango la malori. Ubavuni mwa kabati hilo kulikuwa na kiyoyozi kidogo kilichonikera sana, kwa kuwa vyuma vilipulizwa baridi huku mja wa Mungu akiyeyuka kando.

Kidhibiti kilikuwa kimewekwa nyuzi 35. Nikaona huo ni uzembe wa aliyekifunga, nikakishusha hadi 16, kisha nikapanga ndani chupa mbili za maji na dafu moja. Kila baada ya robo saa nilifungua mlango, nikaingiza kichwa, nikavuta pumzi kama niliyefika Limuru.

Ajabu ni kwamba chumba kilizidi kuwaka. Sikujua kwamba kiyoyozi hulichota joto ndani ya kabati na kulimwaga nje, yaani mgongoni mwangu, tena pamoja na joto la kompresa yake, ile pampu inayosukuma gesi ya kupozea. Nami kila joto lilipozidi, nilizidi kufungua mlango.

Siku ya tatu, Ijumaa, lango lilifunguka na lori hapakuwa. Likafungwa, likafunguka tena. Mkubwa wetu, aliyekuwa akienda msikitini na kanzu mpya, alilivizia kama mtu anayevizia wimbi, akajitosa, na ncha ya komeo ikanasa pindo lake. Akawa anakwenda nalo na kurudi nalo, kofia mkononi, akinitaja kwa majina ambayo sikupewa na wazazi wangu.

Nilikimbilia swichi. Ndani ya kabati matone yalikuwa yamejipanga juu ya relei, zile swichi ndogo za umeme, kama shanga, na bodi ilitoka jasho kunishinda. Lango liliposimama, mkubwa aliingia akiwa ameshika pindo lililochanika, akaliona dafu, na hukumu ikapita papo hapo.

Aliyeniokoa nusu ni mzee fundi. Aligusa tone kwa kidole, akalilamba.

"Hili si dafu, bwana mkubwa, halina utamu. Hii ni hewa ya Mombasa."

Kisha akanigeukia. "Mwanangu, hewa yetu ina mvuke mwingi. Msimu huu, kitu kikipoa chini ya nyuzi 24 hivi, huloa. Nawe kila ukifungua mlango ulikuwa ukiingiza mvuke mpya. Ile 35 niliiweka mimi. Vyombo hivi huistahimili, wala haviloi."

Nilitazama sakafu, iliyokuwa nayo imeloa.

Wiki iliyofuata alitoboa matundu ya hewa ukutani, akaking'oa kiyoyozi, akafunga kibadilisha joto kisicho na kompresa, chenye feni mbili tu, kisichokula umeme mwingi. Hewa ya kabati huzunguka upande mmoja wa mabati membamba, ya chumba upande wa pili. Hazichanganyiki, bali joto peke yake ndilo linalovuka. Kwa kuwa hakiwezi kulipoza kabati kuliko chumba chenyewe, hakitoi hata tone la maji.

Wala hakipozi dafu. Nalisema hili kwa uhakika, kwa sababu hata kabla bei ya kanzu haijamalizika kukatwa kwenye mshahara wangu, nilijaribu.