Pua tunayoililia, pua tuliyoisahau

Mpwa wangu amenitumia video nyingine. Safari hii ni ile sanamu ya kale ya Sphinx, simba mwenye kichwa cha mtu, iliyoko Giza (mji wa Misri, si giza la usiku, ingawa hilo la usiku nalo nitalifikia). Sauti nzito, ngoma kwa mbali, kisha shtaka: Napoleon aliamuru pua ya sanamu ipigwe mizinga ili dunia isijue kwamba sura ile ni ya Mwafrika. Nikamjibu taratibu. Napoleon alitua Misri mwaka 1798. Msafiri wa Denmark aitwaye Norden aliichora sanamu hiyo mwaka 1737, na kwenye mchoro wake pua haipo. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Kairo wa karne ya 15, alikwisha kumtaja Sufi mmoja kuwa ndiye aliyeiharibu sura ile. Napoleon ana madhambi yake ya kutosha, hili halimo.

Jibu likaja: "Mjomba, samahani, ila ukoloni bado umo kichwani mwako."

Haya.

Kilichoniudhi si kuitwa mkoloni. Kinachouma ni kwamba watu walihenyeka kuijenga fikra hii ya kuiweka Afrika katikati, nasi tumeigeuza burudani ya simu. Cheikh Anta Diop, msomi wa Senegal, aliendesha maabara ya kupima umri wa vitu vya kale kwa kaboni pale Dakar. Mwaka 1974, kwenye mkutano wa UNESCO mjini Kairo, yeye na mwenzake Théophile Obenga waliwakabili wataalamu wa Misri ya kale kutoka nchi mbalimbali, wakitetea kwamba Misri hiyo ilikuwa ya Waafrika weusi. Hawakukubaliwa na wote, lakini taarifa ya mkutano wenyewe inakiri kwamba si washiriki wote waliokuja na maandalizi ya kulingana na yao. Mzee Diop aliingia ukumbini na hoja. Hakuingia na ngoma kwa mbali.

Na nikubali, hata kama kwa shingo upande, kwamba bila ubishi wa watu kama hao tungekuwa pabaya. Mwaka 1963 profesa wa Oxford, Trevor-Roper, alisema hakuna historia ya Afrika ya kufundisha, ipo ya Wazungu walioko Afrika tu. Iliyobaki ni giza. (Nilisema nitalifikia.) Magofu ya mawe ya Zimbabwe Kuu nayo, mwanaakiolojia Caton-Thompson alishaeleza mwaka 1929 kwamba ni kazi ya Waafrika, lakini hadi miaka ya 1970 serikali ya walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ilikuwa ikiwabana wataalamu wasiliseme hilo waziwazi. Kwa hiyo Molefi Asante, msomi Mmarekani mweusi, aliposisitiza kwamba Mwafrika awe mtendaji katika habari yake, asiwe mtendwa, hakuwa akitia chumvi. Kwa hilo namvulia kofia.

Lakini kwa nini kila siku Misri?

Hapa ndipo ninapokorofishana na wenzangu. Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliikata Misri akaitoa Afrika, kisha akasema hicho kilichobaki hakina historia. Sisi tukakimbilia kuigombania Misri kama ndugu wanaogombania nyumba ya marehemu, na kile "kilichobaki" tukakiacha palepale alipokitupa. Tumemkataa hakimu, mizani yake tumebaki nayo: jiwe kubwa, mfalme, jeshi, maandishi ukutani. Asiye na piramidi atajijua. Wahadzabe, wawindaji wa Tanzania ambao hawajawahi kumpigia magoti mfalme yeyote, waingie wapi kwenye video hizi? Na mwanamke aliyechagua mbegu ya mtama, msimu baada ya msimu, hadi ikastahimili ukame, nani atampigia ngoma? Tunaimba wafalme tu, tena baadhi yao wafalme waliouza watu, na hapo sauti nzito hushuka ghafla.

Sasa nije kwenye pua nyingine. Kagera, Tanzania, magharibi ya Ziwa Nyanza (Victoria), wahunzi walikuwa wakiyeyusha chuma cha pua, kile kigumu kiitwacho pua kwa kifupi, miaka 1,500 hivi iliyopita, pengine zaidi. Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanakumbuka kazi ile walijenga upya tanuri, wakavukuta mivukuto, na mwanaakiolojia Peter Schmidt akashuhudia pua ikitoka. Udongo, makaa, pumzi na akili. Hakuna sanamu, hakuna kaburi la dhahabu. Sijawahi kutumiwa video yake hata moja.

Kuhusu lile dai la video hizi kwamba melanini, yaani kinachoipa ngozi weusi, ndiyo chanzo cha akili, naomba nisiongee.

Ila la pwani siwezi kuliruka. Wageni walidai miji ya mawe ya Waswahili ilijengwa na wageni. Wetu wakajibu kwamba hakuna hata tone la damu ngeni, na hadithi za Washirazi, mababu waliodaiwa kutoka Uajemi, ni majivuno ya watu wa pwani tu. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba akiwa mmoja wa walioongoza. Mama zao wa zamani wengi ni Waafrika. Baba wengi wa upande wa Asia walitoka Uajemi, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000 hivi. Lugha ikabaki ya Kibantu, na utamaduni wenyewe ulikwisha kuwapo. Wazee hawakuwa wakijitapa bure, na wageni hawakujenga peke yao. Kila upande umenuna. Mimi nimefurahi mno, maana Uafrika unaoyumba kwa babu mmoja wa Kiajemi haukuwa na msingi.

Nikamwandikia mpwa wangu habari ya Wahaya, ndefu, yenye picha ya tanuri. Alama mbili zikageuka buluu. Baada ya saa nzima akajibu:

"Safi sana mjomba. Mfalme wao aliitwa nani?"