"Mrudishe nyumbani": sawa, lakini lini?

Mtu akishaambiwa huku Uingereza kwamba mumewe ana Alzheimer, maradhi ya ubongo yanayopoteza kumbukumbu, simu za Unguja huja na neno moja: mrudishe nyumbani. Neno lina haki yake, ila lina wakati wake.

Haki yake ni lugha. Lugha iliyojifunzwa ukubwani mara nyingi ndiyo hutangulia kupotea. Aliyezungumza Kiingereza miaka na miaka hubaki na Kiswahili, mhudumu anayekuja kumkosha hamwelewi, basi huandikwa mkorofi. Mji Mkongwe, akipotelea vichochoroni, wa barazani humjua ni baba wa nani wakamrejesha.

Wakati wake ni mapema, maana njia mpya ya chooni hujifunzika hatua za mwanzo tu. Ukichelewa, unamhamishia ugenini kwa jina la kwao. Tena hata aliye kwao kweli, magharibi ikiingia husema "nataka kwenda kwetu". Usibishane naye, mpe chai, muulize kwao kukoje.

Dawa ipangwe kabla ya tiketi. Donepezili, dawa ya Alzheimer, kwa kawaida huanza miligramu 5 usiku, na baada ya mwezi daktari anaweza kuipandisha hadi 10. Haiponyi. Ikileta ndoto za kutisha, daktari huihamishia asubuhi. Uliza kabisa duka gani la dawa mjini litakuagizia. Kinachoharibu zaidi ni wema wa jirani: mgonjwa halali, analetewa kidonge cha mafua kinacholaza. Vidonge hivyo, kama klorofeniramini na promethazini, huzidisha kuchanganyikiwa na hupingana na donepezili. Afadhali akeshe.

Akibadilika ghafla ndani ya siku mbili, msiseme maradhi yamepanda, wala msianze na mashetani. Apimwe malaria na mkojo, itazamwe kama anakunywa maji na anapata choo. Alzheimer haiendi mbio hivyo.

Halafu wageni, na ule mtihani wao: "Unanikumbuka miye?" Kila anayeingia humtahini, naye hufedheheka mara kumi kwa siku. Mgeni ajitaje mwenyewe: "Shikamoo mjomba, miye fulani, mtoto wa dada'ko."

Huku hakuna wageni, ila kuna posho ya kumtunza mgonjwa, nayo hukoma ukihamia Zanzibar moja kwa moja. Huko mchana nyumba hujaa watu, lakini saa nane za usiku anapohangaika na komeo la mlango, aliye macho ni mke peke yake. Kwa hiyo wanaopiga simu waulizwe kwanza: nani atalala hapo Jumatatu, nani Alkhamisi?